Vitabu vya kielektroniki nimevilipia, lakini kwa mdogo wangu havifunguki. Ni vyangu kweli?

BintiTudor: Hamjambo wenzangu. Nina vitabu vya uuguzi kwenye akaunti yangu, vyote vya kulipia. Mdogo wangu ameanza chuo huko Kisauni, nikamtumia kimoja kwa WhatsApp. Wapi! Tableti yamwambia hana idhini. Kingekuwa cha karatasi ningempa makanga amfikishie, yakaisha. Duka nimeliandikia, wanasema nilichonunua ni ruhusa ya kusoma tu. Na bei yenyewe yakaribia ya kile cha karatasi! Kuna njia ya halali, au ninunue tena?

FundiMakupa: Dada, hiyo ni kufuli ya kidijitali. Faili limesimbwa, yaani limefichwa kwa msimbo, na ufunguo uko kwenye akaunti yako, kwa hivyo kulituma peke yake ni kazi bure. Angalia kama ni mfumo wa kufuli wa kampuni ya Adobe. Huo kwa kawaida hukubali kompyuta sita na simu au tableti sita kwa akaunti moja ya Adobe. Programu za kuivunja hiyo kufuli zipo, ila hapa sizitaji.

WakiliMtarajiwa: Afadhali usizitaje. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inakataza kuvunja kinga za aina hiyo. Hata Ulaya, mwaka 2019 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kuuza tena kitabu cha kielektroniki ulichokinunua kunahitaji idhini ya mwenye haki. Cha karatasi ukishakinunua, wauza utakavyo.

MzeeLikoni: Wanangu, mwaka 2009 Amazon iliingia kwenye Kindle za watu, vile vifaa vyake vya kusomea vitabu, ikafuta vitabu viwili vya George Orwell, kwa kuwa aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Kimoja kilikuwa *1984*, riwaya ya serikali inayopeleleza watu na kufuta maandishi, fikirieni wenyewe! Pesa walirudishiwa. Kisha 2019 Microsoft ikafunga duka lake la vitabu, navyo vikaacha kufunguka. Pesa zilirudi tena, lakini kitabu chako kiko wapi? Mimi kitabu cha kazi nanunua cha karatasi.

Kalamu_Nyali: Mwaongea kana kwamba mwandishi hahitaji kula. PDF moja ikiingia gurupu la darasa, nani atanunua tena?

FundiMakupa: Kalamu, Tor Books, wachapishaji wa riwaya, waliondoa kufuli kwenye vitabu vyao vya kielektroniki mwaka 2012. Mwaka uliofuata wakasema hawajaona wizi ukiongezeka kwa kiasi cha kuonekana. Mwizi hushinda kufuli kwa dakika chache, anayebaki nje ni mdogo wake Binti.

Kalamu_Nyali: Hao ni wa riwaya, na wasomaji wao ni mashabiki. Kitabu cha chuo ni biashara nyingine kabisa.

BintiTudor: Fundi, shukran, ni Adobe kweli, na vifaa vilivyosajiliwa ni viwili tu. Wakili, nikiisajili tableti yake kwa akaunti yangu, nimekosa?

WakiliMtarajiwa: Inategemea masharti ya duka. Mengine yasema akaunti ni ya mtu mmoja, hata nduguye haruhusiwi. Waulize kwa barua pepe, na jibu lao ulihifadhi.