Vinyago visivyo na sura mnaviangaliaje wakuu?

Zingatia_Sana
Habari zenu wakuu. Jmosi shemeji yenu alinipeleka gallery moja hapa Dar kuna maonyesho ya vinyago vya kisasa, mi nikajua naenda kuona wazee wa Kimakonde wenye fimbo, kumbe ni magogo tu yamepindapinda, moja lina tundu katikati unaona ukuta wa upande wa pili, jingine limesimama kama moshi wa jiko la mkaa, chini kibao kimeandikwa "Bila jina". Bei sasa, milioni mbili na laki nane! Watu wanazunguka wanatikisa vichwa kama wanaelewa, mi nimesimama na juisi yangu natafuta kichwa kiko wapi. Nikamuuliza kijana wa pale akanijibu kila mtu anaona lake, nikaona huyu ananikimbia. Nauliza bila kejeli, kitu kama kile kinaangaliwaje? Na kwanini tunaiga Wazungu wakati vinyago vyetu tunavyo?

Kibuyu
Hapo mkuu ulikuwa unapigwa mchana kweupe. Mi fundi seremala, nyuma ya karakana nina mabaki ya mninga kibao, yote bila jina, njoo ubebe elfu kumi kumi 😂

MtotoWaMchongaji
Kibuyu acha utani bwana. Zingatia, hapo kwenye kuiga Wazungu umechemka. Huo moshi wako una jina, sisi tuliokulia kwa wachongaji wa Mwenge hapa Dar tunaita mawingu, na Wamakonde wanachonga hivyo tangu wengi humu hatujazaliwa. Wazee wengi walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, wakaja na tezo zao. Miaka ya 1950 Samaki Likankoa akaanza kuchonga mashetani, inasimuliwa mkono wa kinyago ulivunjika akiwa anachonga, badala ya kukitupa akakigeuza kiumbe cha ajabu akampelekea Mohamed Peera, yule mfanyabiashara wa Dar, kikanunuliwa. Baadaye akaja Clements Ngala na mawingu, sura ikazidi kuyeyuka mpaka ikabaki mikunjo tu. Kwa hiyo mzee mwenye fimbo na moshi wako ni ukoo mmoja.

Kuhusu kuangalia, mi marehemu baba alinifundisha nianze na tundu. Mpingo haunyooki, una nyufa, una mashimo, saa nyingine gogo liko tupu ndani, sasa mchongaji hawezi kulilazimisha, anageuza geuza wiki nzima anatafuta lile bovu limeelekea wapi halafu anafuata hukohuko. Ukiona tundu jiulize, hili kalikuta au kalitoboa? Hapo utaanza kuona maamuzi yake, wapi kaacha alama za patasi, wapi kapiga msasa mpaka panang'aa, wapi kaacha ule weupe wa nje ya mti uonekane kando ya kiini cheusi. Na zunguka! Ukisimama mbele tu kama unapiga picha ya pasipoti huoni kitu, chuchumaa, angalia na kivuli chake ukutani.

Dada_wa_Tanga
Kaka kaeleza vizuri ila mi nina ugomvi na hicho kibao. Kazi kuitwa "Bila jina" sina neno, ila jina la aliyechonga lilikuwepo? Maana miaka nenda rudi vinyago vilisafiri huko nje vimeandikwa "Makonde" basi, utadhani kabila zima lilishika patasi moja. Kama jina lipo kubwa na ameshaeleza ni mti gani, hiyo bei mi naielewa, mpingo unakomaa miaka 70 mpaka 100, na ni mgumu balaa, unakula patasi.

Halafu Zingatia ukija kununua popote, kinyago cha mpingo kinyanyue kwanza. Ni mzito mpaka kwenye maji unazama. Ukikiona chepesi pitisha kitambaa cheupe chenye maji upande wa chini, kikitoka cheusi ujue umeuziwa mti mwingine na rangi ya viatu. Mi nimeshalizwa hivyo, tena na mtu ananiita mama 😅

Zingatia_Sana
Wakuu nimerudi jana peke yangu. Jina la mchongaji lipo dada, tena kubwa, mi ndo sikulisoma nilikuwa nahangaika na bei. Lile la tundu nikachuchumaa kama nilivyoelekezwa, kule ndani ukingo haujapigwa msasa kabisa, umekwaruza kama gome, nje kote laini, kwa hiyo nadhani tundu kalikuta akaliacha lilivyo. Nilikaa chini muda mrefu mpaka mlinzi akaja kuniuliza nimedondosha nini.

Kununua siwezi. Kibuyu, hiyo mninga yako hakuna yenye tundu?

Kibuyu
Ipo moja. Ila sasa imekuwa laki.