Sobers alianza kama mrushaji?

Mtoto wa Kikwajuni: Asalaam aleikum. Babu kanitolea gongo lake la zamani la kriketi, uzi umefumuka mpinini, ananambia Garfield Sobers, yule nyota wa West Indies, hakuanza kama mpigaji. Kweli?

Bi Shangani: Waaleikum salaam. Kweli tupu. Mwaka 1954, Kingston, Jamaika, dhidi ya Uingereza, ana miaka 17. Aliitwa arushe, akachukua wiketi 4, yaani akawatoa wapigaji wanne, kwa mikimbio 75. Kupiga kapangwa wa 9, karibu na mwisho!

Mtoto wa Kikwajuni: Na ile mikimbio yake 365?

Bi Shangani: 1958, papo hapo Kingston, uwanja wa Sabina Park, na Pakistan. Ndiyo mara yake ya kwanza kufikisha mikimbio mia katika Testi, zile mechi za kimataifa za siku kadhaa, na hakutolewa! Miaka minne aliisubiri, mwanangu. Hapo ndipo ninapompendea. Msalimie babu.

Mkwezi wa Wete: Rekodi hiyo, ya mikimbio mingi zaidi ya mpigaji mmoja kwa zamu moja ya Testi, ilikaa hadi 1994, Brian Lara, naye wa West Indies, alipofika 375. Sobers mwenyewe aliingia uwanjani kumpa mkono.