Herufi sita za Masika

*Kikundi: JAMAA YA KATINDO 🌋 – Jumamosi jioni*

Masika 18:02: Yambo bote. Mwalimu wa Kingereza ametupa kazi ya Jumatatu. Herufi ni E, I, L, N, S, T. Unazitumia zote, kila moja mara moja, unapata neno la Kingereza, unaandika na maana yake. Anasema iko maneno tano. Mi niko na mbili tu: listen na silent 😩

Yaya Héritier 18:03: Weka kwa Google, dakika moja umemaliza.

Mama Masika 18:03: Héritier, wacha atumikishe kichwa.

Tantine Furaha 18:05: Listen si kusikia?

Masika 18:06: Hapana tantine, kusikia ni hear. Listen ni kusikiliza, kutega masikio. Silent ni kimya.

Baba Mudogo 18:08: Masika, angalia ile T ya listen. Yenyewe iko silent 😄 Wanaiandika, lakini wanasoma "lisen". Andika na hiyo, mwalimu atashangaa.

Tantine Furaha 18:09: Sasa kama haisomwe wanaiandika ya nini? Kiswahili kila herufi inakula jasho lake.

Baba Mudogo 18:09: Na Kifaransa chako je? "Temps", ile P na ile S unazisomea wapi?

Tantine Furaha 18:10: 🙊

Yaya Héritier 18:21: ENLIST! Na sikufungua Google, naapa. Kuandikisha mutu jeshini. Ndani yake iko "list", liste yetu ya kila siku.

Baba Mudogo 18:22: Si jeshini peke yake. Ukitafuta mutu akuunge mkono kwa kazi yako, akakubali, nayo ni enlist. Kama hivi Masika ametuandikisha bote bila mushahara.

Masika 18:22: 😂😂 Tatu!

Tantine Furaha 18:25: SLITEN?

Masika 18:25: Tantine, hiyo unatunga.

Tantine Furaha 18:26: LINEST?

Masika 18:26: Tantine 🙏 Mwalimu alisema neno la ine tunalionaka wakati wa Noeli.

Tantine Furaha 18:27: Sapin, muti wa Noeli!

Yaya Héritier 18:27: P imetokea wapi tena jamani

Baba Mudogo 18:34: Tinsel. Zile nyuzi za kumetameta tunazungushia sapin. Na hapa Furaha ufurahi, maana Waingereza walilichukua kwa Kifaransa cha zamani. Ni neno moja na étincelle, cheche. Walikata kichwa chake wakabaki na mwili.

Koko 18:37: Cheche mimi niliona 2002, moto wa volkano ya Nyiragongo ulipoteremuka katikati ya muji wetu wa Goma mpaka ziwani. Hakuna aliyefikiri kupamba sapin.

Mama Masika 18:37: Kweli kabisa koko.

Baba Mudogo 18:39: Iko na maana ingine pia: kitu kinang'aa juu, ndani bure. Kama saa ya Héritier.

Yaya Héritier 18:39: Saa yangu imeingiaje kwa kazi ya Masika??

Masika 18:48: Bado moya. Kichwa kinaniuma.

Baba Mudogo 18:50: Fikiria ziwa letu la Kivu. Ukielekea Sake unaona Kabuno? Maji yameingia ndani ya nchi, na mlango wake kwa ziwa kubwa ni mwembamba. Mahali kama hapo Kingereza wanasema inlet.

Masika 18:51: Herufi tano…

Baba Mudogo 18:51: Weka S. Inlets, zikiwa nyingi.

Yaya Héritier 18:52: Hapo umeiba. Kabuno ni moya.

Baba Mudogo 18:53: Basi ongeza Bukavu. Ule muji umekaa kama mukono ndani ya ziwa, maji yanapita katikati ya kila kidole. Si nyingi hizo?

Masika 18:53: Mwalimu hakukataza wingi. Naandika!

Tantine Furaha 18:54: Na muto Ruzizi hapo Bukavu je, nayo ni inlet?

Baba Mudogo 18:55: Kinyume chake. Ruzizi inatoa maji ya Kivu, inapelekea Tanganyika. Hiyo ni outlet.

Yaya Héritier 18:55: Nayo herufi sita 👀 lakini si zetu.

Masika 18:56: Tano zote! Aksanti sana 🥰

Koko 19:20: Sikia. Kisia.

Mama Masika 19:21: Koko, uko salama?

Koko 19:23: Hesabuni herufi. Ni zilezile. Mulifikiri mchezo huu ni wa Wazungu peke yao?

Yaya Héritier 19:24: Eeeh koko 🔥🔥

Tantine Furaha 19:25: Lakini iko tano. Masika anataka sita.

Baba Mudogo 20:11: Samaki.

Tantine Furaha 20:11: Samaki nini?

Baba Mudogo 20:12: Uvuruge herufi zake. M-A-S-I-K-A.

Yaya Héritier 20:12: 😂😂😂😂😂

Masika 20:13: Baba mudogoooo! Jina yangu!

Baba Mudogo 20:14: Kwetu Wanande ni jina. Kwa Kiswahili cha Tanzania, masika ni zile mvua kubwa za mwezi wa tatu mpaka wa tano. Ukichanganya herufi, unavua samaki.

Yaya Héritier 20:15: Na vile iko mufupi, ni sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu.

Masika 20:15: Mama, umusikie Héritier!!

Mama Masika 20:16: Nimesikia. Samaki wangu, weka simu chini, kuya uoshe sahani.