Tupeane uzoefu: umetendewaje hospitali ya serikali, Lamu na Malindi?

Kaskazi (Malindi)
Assalam aleikum wanajamvi. Hospitali za serikali zina ule ubao wa mkataba wa huduma ukutani: haki zako, ada, muda wa kungoja. Nataka yaliyowakuta nyinyi wenyewe chini ya ubao huo, mazuri na mabaya. Majina ya wahudumu na ya hospitali tuyaache.

Naanza. Nililazwa wodi moja na bibi wa kutoka Marafa ndani, Kigiriama ndicho anachokijua. Daktari, kijana wa bara, akamuuliza kama anatumia dawa za presha. "Ee." Anazimeza kila siku? "Ee." Anapata kizunguzungu? "Ee." Kila swali ee, na daktari anaandika tu. Aliyeokoa mambo ni mama anayepiga deki. Aliweka ndoo chini, akamuuliza bibi kwa Kigiriama, kumbe hajawahi kupewa dawa ya presha hata siku moja! Daktari akakata alichoandika, akaanza upya. Na mshahara wa yule mama hauna hata shilingi ya ukalimani.

Mvuvi wa Siyu
Nyinyi mnalia na lugha, sisi wa kisiwa cha Pate bado tunalia na maji. Shemeji yangu alishikwa na uchungu usiku, zahanati ikasema apelekwe Amu, mjini Lamu. Maji yakipwa, mlango wa Siyu hukauka, chombo hakitoki. Tulingoja yajae, akina mama wamemshika, sisi wanaume tunapita nyumba kwa nyumba kuchangisha petroli. Alhamdulillahi, mtoto yupo, mtundu kweli. Serikali ilifuta ada ya kujifungua 2013, na wodini hatukudaiwa kitu. Pesa zote zilikwisha baharini. Ukimwambia mtu wa mjini "bure" na wa Siyu "bure", hujawapa kitu kimoja.

Bi Mkubwa wa Langoni
Mazuri nayo tuyaseme. Nilikwenda kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, nikaomba nesi wa kike. Yule wa kiume akatoka bila kukunja uso, akamwita mwenzake.

Kijana wa Gede
Na siku nesi wa kike hayupo, Bi Mkubwa? Zahanati nyingine nesi ni mmoja tu.

Bi Mkubwa wa Langoni
Nitaomba mwanamke yeyote aingie asimame nami. Kuomba si kugombana, mwanangu.

Mwana wa Basuba
Sisi Waaweer, wengine mwatuita Waboni. Operesheni ya usalama ilipoanza msituni 2015, zahanati za vijiji vyetu zilifungwa. Sasa kuna SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali. Shangazi yangu hana kitambulisho, hakuzaliwa hospitali wala hana cheti. Ukibonyeza *147# unaulizwa namba ya kitambulisho, basi, umefika mwisho. Kifungu cha 56 cha Katiba kinasema makundi yaliyotengwa yafikiwe na maji na huduma za afya. Shangazi anafikiwa na nani?

Tabibu Mstaafu
Nimefanya kazi wodini hadi nikastaafu, nisikilizeni kidogo.

Kaskazi, ukalimani si hisani ya mpiga deki. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 8, inataka mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoifahamu kadiri inavyowezekana. Shida ni hilo "kadiri". Mwana wa Basuba, ikiwa ni dharura, asirudishwe mtu kwa sababu ya kitambulisho wala pesa: Katiba, 43(2). Na mkishindwa kulipa, msikubali mgonjwa azuiliwe. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba akina mama waliofungiwa hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa deni walivunjiwa haki zao. Malalamiko yaandikeni, mbaki na nakala. Sheria hiyohiyo ya 2017 inawapa haki ya kulalamika na kuchunguziwa. Pasiposikika, iko Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa.

Lakini na nyinyi muache kututukana. Nesi wa zamu ya usiku yuko peke yake na wodi imejaa, unamwita mbwa halafu unataka akuchekee?

Mama wa Shela
Mwanangu ni kiziwi, mtu mzima sasa. Kwenye foleni majina huitwa kwa sauti, basi nisipoandamana naye anakaa mpaka jioni. Mara ya mwisho nilimkuta nesi mwenye akili. Alimwandikia namba kwa kalamu nene juu ya bahasha ya dawa, zamu yake ilipofika akaja akamgusa bega. Haikugharimu kitu. Tatizo ni kule ndani, mimi ndiye mkalimani wake.

Tabibu Mstaafu
Hapo sikubaliani, dada yangu. Akienda kupima virusi vya ukimwi utakaa katikati umtafsirie? Kuna mambo kijana hawezi kuyasema mbele ya mamake, na ana haki ya siri kama wenzake. Katiba, kifungu cha 54, inampa lugha ya ishara. Dai mkalimani hospitali, kwa maandishi.

Mama wa Shela
Barua nitaandika, lakini jibu lake nitalingoja hadi lini? Kliniki yake ni Jumatatu. Nitampigia mwalimu wake wa zamani, anajua ishara na mdomo wake haumwagi. Nauli ya boti nitamlipia mimi.

Kaskazi (Malindi)
Mama wa Shela, ukirudi Jumatatu tuambie kama walimruhusu mwalimu kuingia. Wengine endeleeni, hasa wa Witu na Mpeketoni, mmekaa kimya.