MJADALA: Kinu cha nyuklia, kwa nini kisijengwe hapa Dodoma?

Mzee wa Zabibu: Wakuu, naomba hoja, si matusi. Urani, yale madini ya kuendeshea kinu, ipo Namtumbo, ipo Manyoni, ipo hapa Bahi. Afrika Kusini wana kituo cha nyuklia cha Koeberg tangu 1984, Misri wanajenga El Dabaa, vinu vinne vya megawati 1,200 kila kimoja. Sisi mvua ikichelewa tunaanza kuulizana kina cha bwawa la umeme la Mtera. Makao makuu ni hapa, kinu kijengwe hapa.

Fundi wa Zuzu: Mkuu, shida si urani. Kwanza haiingii kinuni ikitoka shimoni, kwa vinu vingi lazima irutubishwe, yaani iongezewe ile sehemu yake inayotoa nishati, na mtambo huo hatuna. Pili, gridi ya taifa. Bwawa la Nyerere ni megawati 2,115 lakini zimegawanywa kwenye mitambo tisa ya 235. Mmoja ukizima, mingine inabeba. Kinu cha 1,200 kikijizima saa mbili usiku nani atabeba? Giza toka Dar mpaka Mwanza. Halafu kinataka maji ya kupoozea, na Dodoma hata ya kuoga ni mgao.

Nzuguni Yetu: "Hata ya kuoga." Mmesikia? Wanakuja huku wanachukua viwanja, kisha wanatutangaza hatuogi.

Fundi wa Zuzu: Nimesema mgao, ndugu yangu. Soma vizuri.

Mhehe Mtani: Fundi usirudi nyuma. Mgogo na maji wanasalimiana masika tu 😂

Nzuguni Yetu: Wewe nyamaza, mpunga wenu wa Pawaga unakunywa mto mzima, Mtera inaletewa makombo.

Mhehe Mtani: Mtani, na huo wali wa harusini kwenu unatoka wapi?

Mama Makole: Jamani turudi kwenye mada. Marekani, jimbo la Arizona, kuna Palo Verde. Jangwa tupu, vinu vitatu, na vinapoozwa kwa maji taka yaliyosafishwa. Kwa hiyo hilo la ukame lisitutishe.

Mhehe Mtani: Maji taka! Basi mabwawa ya Swaswa yamepata kazi serikalini.

Mwalimu Kongwa: Mnacheka, lakini someni habari za Ukraine. Zaporizhzhia, vinu sita, kituo kikubwa kuliko vyote Ulaya, kilikuwa kinatoa kama sehemu moja ya tano ya umeme wa nchi. Machi 2022 Warusi wakakishika. Leo vyote sita vimezimwa.

Mzee wa Zabibu: Mwalimu, vita ya Ukraine na Bahi wapi na wapi? Sema unaogopa teknolojia. Wenye nyuklia wanauza umeme, sisi tuna bwawa jipya na bado tunazungumzia kununua wa Ethiopia.

Mwalimu Kongwa: Naogopa? Nimefundisha fizikia kabla hujajua kubadilisha fyuzi.

Fundi wa Zuzu: Huo wa Ethiopia ni kwa ajili ya kaskazini, umeme mwingi unapotea njiani ukisafirishwa kutoka huku. Na hakuna hata mmoja aliyenijibu kuhusu gridi.

Nzuguni Yetu: Na wewe hujaomba radhi.

Mhehe Mtani: Mlipeni mbuzi mmoja yaishe.

Mama Makole: Samahani, nje ya mada kidogo. Swaswa kiwanja ambacho hakijapimwa sasa hivi kinakwenda bei gani?

Mzee wa Zabibu: Njoo inbox, dada. Ninavyo viwili, harufu haifiki.