Uso wa bibi wa 3D unatoka kama mshumaa: shida ni ngozi, macho au mwendo?

pikseli_shangani (Mtwara)
Wakuu, habari za kazi. Kuna kipande cha dakika 3 cha katuni ya 3D: bibi wa miaka sabini na kitu, kibogoyo, amekaa barazani Mikindani anabangua korosho huku anamsimulia mjukuu. Programu ni Blender 4, injini ya Cycles (ndiyo inayogeuza maumbo na taa kuwa picha), kadi ya picha ina memori ya GB 6, fremu 25 kwa sekunde. Mikono, kanga, ukuta wa mawe ya matumbawe, vyote vinapita. Kasheshe ni uso. Masikio yanawaka mekundu kama taa ya breki, mashavu ni nta tupu, na ukigusa rangi ya ngozi anageuka kijivu kama kapakwa majivu. Akianza kuongea ndiyo balaa, watoto walioonyeshwa wamesema "huyo kafa". Tekscha, yaani picha inayovishwa juu ya umbo, ni 4K, vinyweleo vipo, mikunjo ipo. Nipande 8K?

fundi_nuru (Lindi)
8K achana nayo. Tekscha ya 4096 kwa 4096, chaneli nne za biti 8, inakula MB 64. Ya 8192 inakula MB 256. Ishirini za hivyo, ukihesabu ngozi, kanga na ukuta, zimemaliza GB 5 na bibi bado ni mshumaa.

Anza na vipimo. Chagua kichwa, bonyeza N, soma kimo: kidevu hadi utosini iwe kama sm 22 hadi 24. Kama kinasoma mita 2, kirudishe kwanza kwenye saizi yake, la sivyo namba zinazofuata hazitakusaidia. Kisha fungua sehemu ya sabsafesi, yaani ile ya nuru kuzama ndani ya ngozi na kutokea pembeni. Blender 4 inakuja na skeli ya 0.05, maana yake sentimita 5, na rangi nyekundu ndiyo inayopewa umbali huo wote. Kwenye ngozi ya mtu nyekundu husafiri milimita chache tu. Sikio lenyewe ni jembamba, ndiyo maana linawaka lote. Shusha hadi 0.004 au 0.006, chagua ile njia ya mwendo holela iliyotengwa kwa ajili ya ngozi, kipeo cha mpindo (nuru inavyopinda ikiingia) 1.4, anisotropi (nuru inavyoelekea kusonga mbele badala ya kutawanyika kote) 0.8.

Sasa majivu. Hapa wengi huteleza kwa sababu mafunzo mengi ya mtandaoni yanatumia ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi melanini hunyonya nuru kabla haijafika chini, kwa hiyo kinachorudi kutoka ndani ni kidogo. Lakini mng'ao wa juu ni uleule kwa binadamu wote, karibu asilimia 3 nuru ikipiga moja kwa moja. Umbo la uso wa bibi yako linasomeka zaidi kwenye mng'ao kuliko kwenye rangi. Ukiuzima mng'ao ili asing'ae, umefuta uso. Ukipandisha rangi ili aonekane, ndiyo majivu hayo.

Kagua mambo mawili. Moja, rangi ya ngozi uliichukua kwenye picha ya simu? Picha hiyo ina mng'ao wake tayari, na wewe unaongeza mwingine juu. Paka upya sehemu zilizong'aa kabla ya kuitumia. Pili, ramani ya ukwaru, yaani picha inayosema wapi pang'ae na wapi pafifie, lazima isomwe kama data, isiwe sRGB, ule mfumo wa rangi za skrini. Ikisomwa kama rangi namba zote zinashuka na ngozi inang'aa kupita kiasi kama imemwagiwa mafuta. Kwa kuanzia: paji na pua 0.35, mashavu 0.5, midomo 0.3. Bibi wa umri huo ngozi yake ni kavu kidogo, ongeza kwa jicho lako.

Taa nayo. Jua la Mtwara la saa sita liko utosini, macho yanakuwa mashimo. Muweke kivulini barazani na nuru itoke kwenye ukuta uliopakwa chokaa, yaani taa pana ya mita 2 kwa 2 upande mmoja. Mng'ao mpana unapita taratibu kwenye shavu. Taa ndogo inaacha doa jeupe tu.

kope_mbili
Naongeza macho, maana hapo ndipo "kafa" inapoanzia. Jicho la mtu mzima lina kipenyo cha kama mm 24. Lijenge matabaka mawili: nje kioo cha konea, lile tabaka angavu la mbele ya jicho, chenye kitumbo kidogo, kipeo cha mpindo 1.376, ndani weupe wa jicho na duara la rangi lililobonyea. Ukichora yote kwenye tufe moja, nuru haina pa kuvunjikia.

Kosa linalojirudia kwenye Cycles ni konea kutupa kivuli juu ya duara la rangi, jicho linakuwa jeusi tii. Ichague konea, nenda sehemu ya mwonekano wa miale, zima kivuli.

Weupe usiwe mweupe. Kwa bibi huyu uwe na umanjano kidogo na vishipa pembeni, na pembezoni mwa konea weka kile kipete cha kijivu-buluu ambacho wazee wengi wanacho. Kope ya juu ifunike mm 1 au 2 za duara, na pale kope la chini linapogusa jicho weka uzi mwembamba wa majimaji. Bila uzi huo jicho linaonekana kama gololi iliyochomekwa.

pikseli_shangani (Mtwara)
Skeli ilikuwa 0.05 kweli, na ramani ya ukwaru ilikuwa sRGB! Masikio yametulia, paji la uso sasa lina mfupa. Kuongea bado.

silabi
Kiswahili silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, kwa hiyo ukifungua taya kwa kila silabi mdomo unapigapiga kama changu aliyetupwa mchangani. Taya liachie silabi ya mkazo, ya pili kutoka mwisho. Nyingine zibebwe na midomo. "Karibuni": taya linashuka kwenye *bu*, basi. Kwa *m*, *b* na *p* midomo ifungane kabisa kwa fremu 2 angalau, na ianze kufunga fremu moja kabla ya sauti. "Njoo hapa" bila mfungo wa *p* haisameheki.

Halafu kibogoyo. Maumbo ya uso ya kununua (mdomo wazi, tabasamu na kadhalika), hata yale 52 ya kunasa miondoko ya uso kwa iPhone, yamechongwa juu ya uso wenye meno. Bila meno taya linapanda zaidi, midomo inaingia ndani, kidevu kinasogelea pua. Chonga upya umbo la kufunga mdomo na la tabasamu. Na tabasamu lipandishe mashavu na kubana chini ya macho, midomo peke yake inatoa cheko la muuza duka.

Kupepesa: fremu 2 kufunga, 1 imefungwa, 3 kufungua. Macho yakigeuka yaruke kwa fremu 1 au 2, kichwa kifuate fremu 3 nyuma.

mchongaji_newala
Mimi naona mnamtesa bure. Masahiro Mori, mtaalamu wa roboti wa Japani, aliandika tangu 1970 kwamba kinachokaribia sana kufanana na mtu bila kufika ndicho kinachotisha. Novemba 2004 zilitoka filamu za The Polar Express na The Incredibles. Ya kwanza ilinasa miondoko ya waigizaji wa kweli na ikalaumiwa kwa macho makavu, ya pili ilikuwa na vichwa vya katuni na hakuna aliyeshtuka. Mchonga mapiko, vile vinyago vya ngoma vya Wamakonde, naye huongeza taya na pua, akaweka nywele za kweli, na mtu anamtambua aliyechongwa. Mkuze macho asilimia 15, punguza vinyweleo.

fundi_nuru (Lindi)
Kukuza macho sawa, ila ngozi na majimaji ya jicho yabaki kama yalivyo. Hata katuni ikiwa na jicho kavu inatisha.

Pikseli, kabla hujarenda (kutoa picha) zote: dakika 3 ni fremu 4,500. Kila moja ikichukua dakika 4 ni saa 300, siku kumi na mbili na nusu. Toa PNG mojamoja, usitoe video moja kwa moja. Umeme ukikatika baada ya fremu ya 212 unaendelea na ya 213. Na kiondoa chenga, kile kinachosafisha punjepunje za picha, kipe rangi tupu na mwelekeo wa sura za umbo (zinatazama wapi) pamoja na sampuli za kutosha, yaani miale mingi kwa kila nukta, la sivyo kinafuta vinyweleo na mashavu yanatambaa fremu hadi fremu. Renda fremu 50 za karibu kwanza, zile anazocheka.