Cheti cha babu kimeandikwa King George VI: ni skuli gani hii?

BintiMkoani: Asalaam alaykum. Tumefungua sanduku la marehemu babu hapa Mkoani, tumekuta cheti chake cha Cambridge cha 1961. Pembezoni kimeliwa na mende, lakini maandishi yanasomeka: King George VI, Zanzibar. Nimesoma Pemba mpaka kidato cha nne, skuli hiyo sijapata kuisikia. Ipo au ilivunjwa?

Pwani_76: Waalaykum salaam. Ipo dada, ndiyo Lumumba ya leo, Unguja mjini.

MwalimuMstaafu: Mwenyezi Mungu amrehemu babu yako, mwanangu. Nimesomesha mjini mpaka nikastaafu, na kila nikisikia watoto wanasema Lumumba imeanza na Mapinduzi, roho huniuma. Skuli ilikuwepo. Ilikuwa sekondari ya serikali wakati wa Muingereza, ikabeba jina la mfalme wao aliyefariki 1952. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ndipo ikaitwa Lumumba, kumuenzi waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Na yeye aliuawa Januari 1961, mwaka huohuo wa cheti cha babu yako!

Kitunzeni sana. Zama zile nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Mtoto wa Mkoani kufika pale ilibidi avuke bahari, atafutiwe jamaa wa kukaa naye mjini, na ada ilipwe. Wangapi walikuwa na akili wakaishia shambani kuchuma karafuu? Ada iliondoka tarehe 23 Septemba 1964, Mzee Karume alipotangaza elimu bila malipo. Mimi nimeingia sekondari kwa sababu ya tangazo lile, baba yangu hakuwa na uwezo hata wa daftari.

Pwani_76: Na skuli zilizopewa majina ya viongozi wa nje kama hivyo ziko nyingi: Ben Bella, Haile Selassie, na kwenu Pemba Fidel Castro, pale Vitongoji.

BintiMkoani: Ahsante sana mwalimu. Mdogo wangu anataka kukipeleka steshenari kikapigwe lamineti. Nimwache?

MwalimuMstaafu: Asithubutu! Plastiki ile ikishashika karatasi haitoki tena. Kipigeni picha, kisha kitieni kwenye bahasha safi, kavu, mbali na mende. Na ukija Unguja pita Nyaraka za Taifa, Kilimani, uulizie majalada ya elimu ya wakati ule.